Ugonjwa wa Sukari na Saa ya Kula



Mimi si daktari, ni mtu wa reli. Nitasema lile linalotugusa kazini.

Chakula tulacho hugeuka sukari katika damu, nayo kwetu ni kama mafuta kwa injini. Insulini, itokayo katika kongosho, huifungulia mlango iingie mwilini. Isipotosha, au isipofanya kazi yake, sukari hujaa damuni: mtu huona kiu, hukojoa mara kwa mara, hukonda. Sindano ya insulini alidungwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1922, huko Toronto. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikufa tu.

Lakini sindano hiyo, na vidonge vingine, mtu akikosa chakula, huweza kuishusha sukari mno. Hapo hutoka jasho, hutetemeka, maneno humvurugika. Msimamizi husema amelewa! Ndugu, kabla ya kuandika barua ya mashtaka, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu mpeni tena, kisha ale. Akizimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Na miguu je? Mguu uliokufa ganzi hauhisi kokoto ndani ya buti. Tazameni nyayo kila jioni.

Naomba halmashauri yetu iwapelekee waajiri neno hili: treni ikichelewa, saa ya kula ya mwenye sukari isisogezwe, na apatikane mtu wa kumshikia zamu.