Moshi wa Takataka na Yai la Mtoto



Juzi kwenye kliniki ya watoto mama mmoja aliniuliza: "Sista, nyuma ya nyumba yetu taka huchomwa kila jioni. Nimwachishe mtoto kunyonya?"

Nilimjibu, la, usimwachishe. Lakini swali lake lilikuwa la maana sana.

Plastiki, hasa ile ya mabomba ya maji na nyaya za umeme, ikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu iitwayo dioksini. Huwezi kuiona kwa macho. Hutua kwenye majani na udongo, kuku akadonoa, ng'ombe akala, nayo ikakaa ndani ya mafuta ya yai, nyama na maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini tunayopata huingia kwa chakula. Nusu yake tu huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka mwilini. Huweza kudhoofisha kinga, kuvuruga homoni na ukuaji wa mtoto, hata kuleta saratani.

Haya si ya Ulaya tu. Ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa mayai ya kuku wa kienyeji karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalikuwa na dioksini kupita kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Kuku wa Dandora hudonoa jaani kama kuku wetu hapa.

Basi tanuri la kuchomea taka je? Tanuri zuri lina vyumba viwili, na moshi hupita kwenye joto la zaidi ya nyuzi 850, kisha hupozwa haraka na kuchujwa. Matanuri mengi madogo ya vituo vya afya hayana chujio. Kwa hiyo anayeyatumia lazima awe amefunzwa: alipashe moto kwa kuni kavu kwanza, asilijaze kupita kiasi, na asitie mifuko ya damu wala plastiki ya aina hiyo. Ukiona moshi mweusi mzito ukitoka kwenye bomba la zahanati yenu, mwambie afisa wa afya ya umma au mlete jambo hilo kwenye kamati ya kituo. Msiogope kuuliza, Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm wa kupunguza sumu hizi mwaka 2004, na sheria ya taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka.

Nyumbani, maganda na mabaki yaende kwenye shimo la mbolea. Chupa za plastiki weka kwenye gunia, wanunuzi wapo. Nepi za kutupa usichome. Zifukie kwenye shimo refu, mbali na kisima. Wale vijana wanaochoma nyaya wapate shaba, wakatazeni wasifanyie uani. Majivu ya plastiki usiyamwage kwenye sukumawiki, na kuku wazuiwe kufika hapo, hata kama ni kwa miiba tu.

Na yule mama? Anaendelea kunyonyesha. Faida ya maziwa yake inaizidi hatari hiyo kwa mbali. Kilichohamishwa ni moto, baada ya majirani kukaa kikao.