Penye Miti na Pawe na Wajenzi: Chakula Chetu na Viungo vya Mwili

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji)



Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo yatuhusu hata jikoni. Mayai, maharage, mchicha, mapapai, karanga na mahindi tunavizalisha kwa mikono yetu, na dagaa hawakosekani gulioni. Hata hivyo, kliniki zinaendelea kupokea wajawazito waliopungukiwa damu na watoto waliodumaa. Sisemi kwamba kila nyumba ina chakula cha kutosha; zipo zenye dhiki ya kweli. Nisemacho ni kwamba hata kile kidogo tulicho nacho hupoteza faida kwa namna tunavyokigawa, tunavyokipika na tunavyokihifadhi. Maelezo haya ndiyo wanayoyafundisha maafisa lishe wetu. Kazi yangu ni kuyafikisha kwenu.

Nianze na macho. Vitamini A huyawezesha kuona katika mwanga hafifu. Mtoto anayejikwaa jioni ilhali mchana anaona vyema, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Vitamini hiyo imo katika maini, mayai, viazi lishe vya rangi ya chungwa, papai, embe, na mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, mboga iliyoungwa kwa mafuta kidogo ya alizeti au karanga zilizotwangwa humfaa mlaji kuliko iliyochemshwa tupu.

Hapa ndipo suala la mgao linapojitokeza. Katika nyumba nyingi kuku hutaga, mayai yote huenda gulioni, na mtoto hula ugali kwa mchuzi. Siwaombi muache kuuza, maana fedha hiyo hununua daftari na sabuni. Ninachoomba ni kwamba katika mayai ya kila wiki, machache yabaki kwa ajili ya mtoto mdogo na mama mjamzito. Vivyo hivyo, maini yasiwe haki ya mkubwa wa nyumba peke yake.

Damu nayo huhitaji madini ya chuma. Yale yaliyomo katika maini, nyama na dagaa hufyonzwa na mwili kwa wepesi. Yale ya maharage, choroko na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, ila yakipata msaada wa vitamini C. Kwa hiyo kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa au pera pamoja na mlo. Chai na kahawa hufanya kinyume: huzuia madini hayo yasifyonzwe. Chai yako inywe saa moja au zaidi kabla au baada ya chakula. Na mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, kwa kuwa katika kipindi hicho chakula peke yake aghalabu hakitoshi.

Shingoni mwetu mna tezi inayotegemea madini joto. Yakipungua, tezi hiyo huvimba na kuwa rovu. Na kwa mjamzito, upungufu huo huweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Nunueni chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ina madini joto. Ihifadhiwe katika kopo lenye mfuniko, mbali na moto, jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva, ili madini yasipotee. Lakini isizidi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na iliyomo katika vyakula vya dukani. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nalo huumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo.

Utumbo hupenda nyuzinyuzi zilizomo katika mboga, matunda, mikunde na unga wa dona. Ila dona lahitaji mahindi safi kuliko sembe, na hili lanifikisha kwenye ini, kiungo ambacho hatukizungumzii vya kutosha.

Mahindi na karanga zikipata unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Katika mahindi, sumu hiyo hukaa kwa wingi kwenye pumba na kiini cha punje. Haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huchangia saratani ya ini. Ikiliwa nyingi kwa mkupuo, huua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumu hiyo. Walikuwa wakulima kama sisi, wakila chakula chao wenyewe.

Basi tuvune kwa wakati, na tuanike juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Kupima ukavu ni rahisi: tia punje chache katika chupa kavu inayoonyesha ndani, ongeza chumvi kavu kidogo, kisha tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishwe juani. Kabla ya kusaga, tuchambue punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zilizovunjika. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Na mahindi yaliyooza yasipelekwe kwenye pombe wala kwa mifugo, kwa maana sumu hiyo huturudia katika maziwa na mayai.

Ndugu wananchi, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka. Mleteni mtoto apimwe mzunguko wa mkono na hali ya ukuaji. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kuhusu kukausha na kuhifadhi mazao, afisa ugani wa kata yupo. Mwiteni kabla ya mavuno, si baada ya mahindi kuharibika.

Leo jioni, kabla ya kupakua, kila mmoja wetu atazame chungu chake na ajiulize: mdogo kuliko wote katika nyumba hii atapata nini? Jibu likiwa ni mchuzi mtupu, mgao na ubadilike leo hii.