Uyoga, Buni na Ibada za Kale za Buhaya

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya swali lililowashughulisha wataalamu wa nchi nyingi, nalo ni hili: dini za kale zilianzaje? Wako wanaosema kwamba zilianza kwa kula uyoga. Msicheke upesi. Na tuwasikilize kwanza, kisha tuyapime maneno yao kwa mambo ya kwetu.

Katika mwaka wa 1955 bwana mmoja wa New York, R. Gordon Wasson, ambaye kazi yake ilikuwa ya benki, alifika katika milima ya Oaxaca, nchi ya Meksiko, katika mji wa Huautla de Jiménez. Huko alipokewa na mganga mwanamke, jina lake María Sabina. Usiku mama yule aliwagawia wageni uyoga wa namna fulani, naye akaimba nyimbo zake za uganga. Wasson akaona maono ya ajabu. Mwaka 1957 aliandika habari hizo katika gazeti la Life la Marekani, na mwaka 1958 Albert Hofmann, mtaalamu wa kemia wa Uswisi, akakitenga kiini cha uyoga ule, kiitwacho silosibini, ambacho hugeuza kuona na kusikia kwa mtu kwa muda wa saa chache.

Tangu hapo fikira zikaenda mbali. Mwaka 1968 Wasson alitoa kitabu akisema kwamba soma, kinywaji kilichosifiwa katika nyimbo takatifu za kale za Bara Hindi, kilikuwa ni uyoga. Mwaka 1970 Mwingereza John Allegro, msomi wa lugha za kale, alipita mpaka huo akadai kwamba hata Ukristo ulitokana na uyoga. Wasomi wenzake walio wengi walimkataa, maana hoja yake ilisimama juu ya kubahatisha asili ya maneno.

Basi na tuje kwetu. Uyoga twaujua sana. Mvua zinyeshapo huchipuka juu ya vichuguu, nao mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya nyumba yao. Lakini uyoga huo wa vichuguuni ni kitoweo kitamu tu, haumpi mtu maono. Tukitafuta katika Buhaya mmea unaoingia mwilini na kugusa akili, tena ulioheshimiwa katika mambo ya ibada, tutauona mbele ya nyumba zetu, katikati ya migomba. Mmea huo ni mbuni.

Wazee wetu walikuwa na buni kabla Mzungu yeyote hajafika kuzinunua. Walichuma matunda yakali mabichi, wakayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni alipoingia nyumbani aliwekewa akamwani kabla ya maneno mengi, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Buni ziliwekwa pia mbele ya wahenga. Na watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa damu, yaani kufanya omukago, kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, buni ikapakwa damu, na kila mmoja akameza ile yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo kumdhuru ndugu huyo lilikuwa jambo la kutisha.

Wataalamu wa leo watueleza kwamba ndani ya buni mna kafeini, nayo huuzuia mwili usipate habari ya uchovu wake. Buni zetu za asili, ziitwazo robusta, zina kafeini karibu mara mbili ya zile za arabika. Basi tungefuata njia ya Allegro, tungesema: tazameni, kahawa ndiyo iliyozaa dini ya Buhaya! Je, ingekuwa kweli?

Na tuipime. Watu wa kale waliwaheshimu Wachwezi. Mkubwa wao ni Wamara, mfalme ambaye masimulizi yasema aliondoka duniani akawa mtawala wa kuzimu. Mugasha ni bwana wa ziwa na dhoruba. Irungu ni bwana wa pori. Watumishi wao waliitwa embandwa, nao walifundishwa na kuingizwa katika utumishi huo, hata roho ikampanda mtu na kusema kwa kinywa chake, kwa ngoma na nyimbo. Mvuvi alimwogopa Mugasha kwa sababu ya mawimbi, na mwindaji alimkumbuka Irungu kwa sababu ya kazi yake porini. Majina hayo yalitoka katika nchi yetu, katika kazi na hofu na vifo vya watu wake. Buni haikuweza kumfundisha mvuvi habari za dhoruba. Ziwa lenyewe lilimfundisha.

Ushahidi mwingine uko Katuruka, katika nchi ya Bukoba. Hapo palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa wahunzi. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Mwaka 1970 Peter Schmidt, Mmarekani, aliwasikiliza wazee hao, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Akaona mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Basi mahali pale palitunza kumbukumbu ya kazi ya mikono ya watu, nayo ikashikwa kwa masimulizi na kwa heshima, kizazi kwa kizazi.

Hata habari za Meksiko, tukizitazama vema, zasema hivyo hivyo. María Sabina aliutumia uyoga kwa ajili ya mgonjwa, apate kujua asili ya ugonjwa. Baada ya gazeti lile kusomwa, wageni wengi walikwenda Huautla, wakala uyoga ule ule. Hawakuwa watu wa dini yake kwa kula. Walileta fujo mjini, hata wenyeji wakamlaumu mama yule, na nyumba yake ikachomwa moto. Uyoga ulikuwa mmoja. Lakini wageni hawakuwa na lugha yake, wala nyimbo zake, wala mgonjwa wa kumhangaikia.

Kwa hiyo twaona kwamba mmea waweza kuitumikia ibada, lakini hauwezi kuizaa. Watu ndio wanaoupa kazi na maana.

Twasema haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako vijana wanaowadharau wahenga wakidhani mambo yao yote yalikuwa ulevi. Hiyo ni hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza mshitakiwa. Ya pili, wako wanaosikia habari za uyoga wa maono wakatamani kuujaribu. Tunawaonya: uko uyoga wenye sumu ambayo hukaa kimya saa sita au zaidi, kisha huharibu ini, wala kuuchemsha hakuiondoi. Usile usioujua.

Nanyi wanafunzi, mwendeeni bibi na babu kwa adabu, mkaulize: akamwani ilitolewa kwa nani kwanza? Kwa maneno gani? Ndugu wa omukago alidaiwa nini mwenzake alipofiwa? Yaandikeni majibu, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Katuruka wazee wengi walioijua habari ya Kaiija wamekwisha kufa, na waliobaki walilazimika kuikusanya upya kwa taabu. Buni zitaendelea kuchanua kila mwaka. Lakini mzee akifa na maneno yake hayajaandikwa, hapana msimu utakaoyarudisha.