Siri Iliyonunuliwa ni ya Nani?



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalotukabili mara kwa mara. Mwalimu hutoa fedha yake akanunua maelezo ya somo. Karani hulipa ada ya mafunzo ya kutunza hesabu. Arudipo kazini, mwenzake humwuliza: "Ndugu, umefundishwa nini?" Je, aseme au anyamaze?

Naomba tuanzie mbali kidogo. Huko Uingereza, katika karne ya 17, ukoo wa Chamberlen ulikuwa na koleo la kuwazalishia akina mama waliokwama katika uchungu. Kwa zaidi ya miaka 100 ukoo huo uliificha siri hiyo kwa ajili ya faida yake. Mwaka 1670 mmoja wao, Hugh Chamberlen, alikwenda Paris kujaribu kuiuza. Wakati huo wote akina mama na watoto waliendelea kufa mikononi mwa wakunga ambao kosa lao lilikuwa kutojua tu.

Mjini Amsterdam nako kulikuwa na siri ya namna hiyo, ikiuzwa kwa bei kubwa miongoni mwa waganga wachache. Mwaka 1753 madaktari wawili, Jacob de Visscher na Hugo van de Poll, waliinunua, kisha wakaichapisha ili kila mtu aisome. Kumbe ilikuwa ni wenzo mmoja tu wa chuma! Ndipo wengine walipoweza kuupima, waone unafaa wapi na haufai wapi. Jambo lililofichwa halipimwi, na lisilopimwa halisahihishwi.

Wapo watakaosema kwamba mtungaji naye ana jasho lake. Ni kweli kabisa. Mtu anayetoa nakala za kitabu cha mwenzake na kuzigawa hasambazi elimu, bali anakula jasho la mtu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayalinda maandishi ya mtungaji. Haimpi umiliki wa wazo lenyewe. Maandishi ni yake, lakini ulichokielewa waweza kukifundisha kwa maneno yako mwenyewe.

Na aliyeahidi kutosema, je? Ahadi ni deni. Kwa hiyo tupime kabla ya kuahidi, na mwalimu asitie sahihi mkataba unaomzuia kufundisha. Lakini pale ambapo kunyamaza kunaua, kama kulivyowaua akina mama wale, deni la uhai hulitangulia deni la ahadi.

Ndugu zangu, rai yangu ni hii: kila mmoja wetu arudipo kutoka mafunzoni, awakusanye wenzake awaeleze alichojifunza, na wakikitaka kitabu chenyewe, awaelekeze kwa mtungaji wakakinunue.