Kumsomesha Mtoto wa Mwenzio

Wazee wetu walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo linalotokana na usemi huo, yaani kumsomesha mtoto wa watu maskini wa shamba, ambaye si wa nyumba yako.

Huenda mtu akauliza, "Je, Serikali haikuondoa karo?" Ni kweli. Mwezi wa Januari 2003 karo iliondolewa katika shule za msingi za Serikali nchini Kenya, na mwaka 2008 Serikali ikaanza kulipia mafunzo katika shule za sekondari za kutwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Lakini sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na gharama za bweni zingali mzigo wa mzazi. Kwa mkulima mwenye kishamba kidogo cha mahindi, mvua ikikosa, mambo hayo ndiyo ukuta unaomzuia mtoto.

Nawapeni habari moja ya kweli. Katika miaka ya 1970 palikuwa na mtoto katika kijiji cha Mitahato, Kiambu, jina lake Chris Mburu. Alikuwa hodari darasani, lakini wazazi wake hawakuwa na uwezo. Bibi mmoja wa Uswidi, Hilde Back, akamlipia masomo, kiasi cha dola 15 hivi kila muhula. Bibi huyo hakuwa tajiri, bali mwalimu wa shule. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, naye kwa kuwa ni Myahudi alinyimwa masomo katika utawala wa Hitler. Wazazi wake wakafia katika kambi za mateso.

Mtoto yule alisoma hata Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, akafanya kazi ya kutetea haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kusomesha watoto hodari wa maskini, akaupa jina la mfadhili wake, ambaye alikuwa hajapata kumwona kwa macho. Ubalozi wa Uswidi ukasaidia kumtafuta, na mwaka 2003 Bi. Back alikuja Kenya, akapokewa kwa heshima kubwa. Filamu ya habari zao ilionyeshwa mwaka 2010. Bi. Back alifariki mwaka 2021, na watoto wengi wamesomeshwa kwa jina lake.

Basi, twajifunza nini?

Kwanza, fedha chache zitolewazo bila kukatika zina nguvu kuliko fedha nyingi za siku moja. Kabla hujaahidi, hesabu mapato yako na miaka iliyobaki ya masomo. Mtoto aliyeachwa katikati ya njia huumia mara mbili: hukosa shule, na hukosa imani kwa watu. Ikiwa peke yako huwezi, shirikianeni watu watano au kumi, ili mmoja akishindwa wengine washike.

Pili, peleka fedha shuleni kwenyewe, upewe stakabadhi, tena uliza habari za maendeleo ya mtoto kila muhula. Hivyo hapatakuwa na manung'uniko kati yako na wazazi wake.

Tatu, linda heshima ya nyumba ile. Mtoto amebaki kuwa mwana wa baba na mama yake. Usimtangaze umaskini wake mbele ya watu, wala usimfanye mtumishi wako wakati wa likizo kwa kisa cha kumlipia. Msaada unaodaiwa kila siku hugeuka kuwa deni, na mtoto mwenye deni hainui kichwa darasani.

Mabibi na mabwana, katika kila kata yumo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya kitu ambacho bei yake twaijua. Mwulizeni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nanyi. Atawatajia jina lake.