Michezo ya Mataifa na Mizani ya Haki



Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, vijana wetu wa Temeke, Mbagala, Tandale na Manzese wanapenda michezo, na Uislamu haukuja kuiharamisha michezo kwa ujumla wake. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi mjini Madina, na alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.). Swali tunaloulizana leo ni hili: ushindi unapogongana na haki, kipi kinatangulia?

Jibu moja limo katika historia ya nchi yetu. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwana wa nchi hiyo. Wapenzi wa riadha wakangojea wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand mashindanoni. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zikasusia. Walker akatwaa dhahabu ya mita 1500, na Bayi hakuwapo uwanjani.

Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, kwani miaka ya mwanariadha ni michache. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui ya fedha katika mita 5000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi yetu. Hata hivyo, nani atasimama leo aseme kuwa ubaguzi ulistahili kupewa mkono? Suratul-Hujuraat inatufundisha kuwa mataifa yameumbwa yapate kujuana, na mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi, si mwenye rangi fulani.

Basi tujipime. Ikiwa taifa lenye watu wa dini mbalimbali liliacha medali kwa ajili ya haki ya wanaodhulumiwa, vipi sisi tushindwe kusimamisha mechi ya mtaani kwa ajili ya haki ya Allah? Vipi tuigeuze michezo kuwa kamari, ilhali Suratul-Maaidah imeihesabu kamari kuwa ni uchafu katika kazi za shetani?

Wazazi na walimu wa madrasa, tusiwafukuze vijana viwanjani. Tuwapangie ratiba: mechi ianze wameshaswali Alasiri, na imalizike kabla ya adhana ya Magharibi. Mabinti nao wapatiwe mahali pa mazoezi penye stara. Na senti isiwekewe dau.

Allah (s.w.) atujaalie kuipenda haki kuliko ushindi. Amin.

Wabillahi tawfiq.