Maneno ya Sheria ya Ardhi: Tuyajue Maana Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi.)



Leo tumekuja kuzungumza habari ya maneno machache tu. Wengi wetu hudhani ya kwamba ardhi hunyang'anywa kwa nguvu peke yake. Lakini kabla ya askari kufika shambani, neno limekwisha kuandikwa katika karatasi, na mwenye shamba ama hakulisoma, ama alisomewa akaitikia bila kulielewa.

Wazee wanayakumbuka haya. Mwaka 1923 Serikali ya Mwingereza ilitunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika. Ilisema ya kwamba ardhi ya nchi, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kwa hati, ni "ardhi ya umma", nayo itakuwa chini ya mamlaka ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Maneno matamu hayo! Lakini umma haukumchagua Gavana, wala haukuweza kumwondoa. Novemba 1951 Wameru wapata 3,000 wa Engare Nanyuki walifukuzwa katika nchi yao na nyumba zao zikatiwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufuga ng'ombe. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alikwenda New York kulitoa shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1958, Serikali ya kikoloni ilipotaka kuleta umiliki wa ardhi wa milele, wa kununua na kuuza, TANU ilikataa, na Mwalimu Nyerere akaandika "Mali ya Taifa". Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa milele uliokuwapo uligeuzwa ukawa upangaji wa Serikali wa miaka 99. Mwaka 1969 upangaji huo nao uligeuzwa ukawa haki ya kukalia ardhi.

Sasa tuje kwenye sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5.

Neno la kwanza ni MDHAMINI. Sheria yasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini wa wananchi wote. Mdhamini ni kama mjomba aliyekabidhiwa mali ya yatima. Aitunza, lakini si yake. Halmashauri ya kijiji nayo yasimamia ardhi ya kijiji vivyo hivyo, na haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali.

Neno la pili ni ARDHI YA JUMLA, na hapa twaomba mtege masikio. Sheria imegawa ardhi mafungu matatu: ya vijiji, ya hifadhi na ya jumla. Ardhi ya jumla husimamiwa na Kamishna wa Ardhi, si kijiji. Sheria namba 4 ilipotungwa ilieleza kuwa ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha ikaongeza kuwa ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria namba 5 haikuyaweka maneno hayo ya nyongeza.

Je, ndugu zangu, ni ardhi gani isiyotumiwa? Mgeni akipita kijijini ataona pori. Mwenyeji ajua kuwa pale ni shamba lililopumzishwa, pale ni malisho ya kiangazi, na pale ni njia ya ng'ombe kwenda majini. Sheria namba 5 yenyewe, inapoeleza ardhi ambayo wanakijiji wameizoea kwa miaka 12 kabla ya kutungwa kwake, yataja mashamba yaliyopumzishwa, malisho na mapito ya watu na mifugo. Basi mtu akija kusema "hapa ni patupu", msimjibu kwa hasira. Mjibuni kwa sheria hiyo, na kwa mpango wa matumizi ya ardhi mlioupitisha wenyewe katika mkutano.

Neno la tatu ni HAKIMILIKI YA KIMILA. Mtu anayekalia ardhi kwa mila ana haki sawasawa na mwenye hati ya Serikali. Mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu mbele ya sheria hii. Haki ipo hata bila cheti, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni vyeti, na jina la mama liandikwe pia.

Neno la nne ni FIDIA. Zamani mtu alilipwa nyumba na miti yake tu, na udongo ulihesabiwa si kitu. Sheria za 1999 zasema kuwa haki juu ya ardhi ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Rais akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa kama ni chini ya hekta 250. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupokea maoni ya kijiji. Tena ardhi haihamishwi mpaka fidia ipatane.

Neno la mwisho ni MAZINGIRA. Sheria ya mwaka 2004 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na yamwekea wajibu wa kuyalinda. Yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hilo latuhusu sisi wenye bustani za mabondeni, na lamhusu mwenye kiwanda vilevile. Wala neno "hifadhi" lisiwatishe kila mara. Kwa Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji chaweza kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe.

Ndugu wanachama, twawaomba jambo moja. Karatasi ikija kijijini, isisainiwe siku ile ile. Isomwe kwa sauti mkutanini, neno kwa neno, na asiyeelewa aulize. Mkutano ukiwa na watu wachache, wachache ndio watakaoamua. Basi twendeni mkutanini, wanaume kwa wanawake.

Uhuru na Umoja!